Mwongozo kamili: kurudisha fankshoni ya mchezo wa Nintendo 64 kwenye C, baiti kwa baiti

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Nimeifungua ROM (nakala ya data ya kaseti) kwenye Ghidra, nimepata C inayosomeka, nimeikompaili, lakini matokeo hayafanani na mchezo wenyewe. Nakosea wapi?"

Karibu kila mara kosa ni lilelile. Muulizaji ameanza kusoma mantiki ya mchezo kabla hajaijua kompaila (programu inayogeuza C kuwa msimbo wa mashine) iliyoutengeneza. C inayotolewa na Ghidra, programu inayojaribu kurudisha msimbo wa mashine kuwa C, inakueleza mchezo unafanya nini. Haikuelezi mwandishi wake aliandika nini, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Hapa tunafanya ya pili. Tunatafuta msimbo chanzo ambao, ukipitishwa kwenye kompaila ileile ya wakati ule, utatoa baiti zilezile bila hata moja kupotea. Ndivyo ilivyofanyika kwa Super Mario 64 na kwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Ukifika hapo huna haja ya kumshawishi mtu kwamba umepatia, kwa sababu sha1 ya faili, yaani alama inayokokotolewa kutoka baiti zake zote, inatosha kuwa shahidi.

Lengo la mwongozo huu ni fankshoni moja tu, ya kwanza yako. Zinazofuata zitapita njia hiihii.

## Vitu vya kuandaa

Kompyuta. Linux ya Debian au Ubuntu, au Windows yenye WSL. RAM ya GB 4 inatosha, na kadi ya picha haihitajiki.

ROM ya mchezo, uliyoitoa kwenye kaseti yako mwenyewe. Mradi unaofanywa kwa uangalifu hauweki ROM, picha wala muziki wa mchezo kwenye hazina yake. Kila mshiriki analeta nakala yake, na vitu hivyo hutolewa humo wakati wa kujenga.

Programu za kawaida:

```
sudo apt install git make build-essential python3 python3-pip python3-venv binutils-mips-linux-gnu xxd
```

splat, ya kuipasua ROM vipande vipande. m2c, inayogeuza asembli ya MIPS (maagizo ya prosesa ya mchezo yaliyoandikwa kwa maneno) kuwa rasimu ya C. asm-differ, ya kulinganisha. asm-processor, inayokuruhusu kuchanganya C na asembli ndani ya faili moja. decomp-permuter, ya mwisho kabisa, na nitaeleza kwa nini ni ya mwisho.

Kompaila ya IDO, toleo la 5.3 na 7.1. Hii ilikuwa kompaila ya SGI kwenye mfumo wa IRIX. Leo mradi wa ido-static-recomp umeifanya iendeshwe moja kwa moja kwenye Linux, kwa hiyo huhitaji mashine ya SGI.

Daftari na kalamu. Utachora strakcha na umbali wa kila sehemu yake. Skrini pekee haitoshi kwa kazi hii.

Kama bando ni dogo au kompyuta si yako, tovuti ya decomp.me inakupa kompaila, m2c na ulinganishaji mahali pamoja. Unabandika asembli, unaandika C, unaona alama. Alama 0 maana yake imelingana. Hatua ya 5 hadi ya 8 zinafanyika huko bila kusakinisha chochote.

> Onyo. Usiguse msimbo chanzo uliovuja kutoka kwa watengenezaji. Usiusome hata kwa kuchungulia. Kazi yote hii inasimama juu ya jambo moja: kwamba kila mstari umetokana na kuisoma ROM. Mtu mmoja akiingiza mstari aliounakili, kazi ya wenzake wote inaingia mashakani, na miradi mingi haimpokei tena.

## Hatua ya 1: Hakikisha baiti za ROM zimekaa sawa

Hatua hii ni ya dakika mbili, lakini nimeona watu wakihangaika nayo siku nzima bila kujua tatizo liko hapa.

```
xxd -l 16 mchezo.z64
```

Tazama baiti nne za kwanza:

- `80 37 12 40` ni sawa. Huu ndio mpangilio wa z64.
- `37 80 40 12` ni v64. Kila baiti mbili zimebadilishana nafasi.
- `40 12 37 80` ni n64. Kila kundi la baiti nne limegeuzwa.

Prosesa ya Nintendo 64, VR4300, inasoma baiti kubwa kwanza, kwa hiyo zana zote zinatarajia z64. Jina la faili lisikudanganye, maana mtu anaweza kuandika `.z64` mwishoni mwa faili ambalo ndani ni v64. Kurekebisha v64:

```
dd if=mchezo.v64 of=mchezo.z64 conv=swab
```

Na n64:

```
mips-linux-gnu-objcopy -I binary -O binary --reverse-bytes=4 mchezo.n64 mchezo.z64
```

Ukifanikiwa utaona: amri ya `xxd -s 0x20 -l 20 mchezo.z64` inaonyesha jina la mchezo likisomeka. Ukiona `USEP RAMIR O46` badala ya `SUPER MARIO 64`, bado uko kwenye v64. Sasa hifadhi alama ya faili:

```
sha1sum mchezo.z64 > mchezo.sha1
```

Faili hilo dogo ndilo hakimu wako hadi mwisho.

## Hatua ya 2: Pasua ROM, kisha ijenge tena bila C yoyote

```
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install "splat64[mips]"
python3 -m splat create_config mchezo.z64
python3 -m splat split mchezo.yaml
```

Utapata faili la YAML linaloeleza ROM imegawanyika wapi, na folda ya asembli. Baiti 0x40 za mwanzo ni kichwa cha ROM. Kutoka hapo hadi 0x1000 ni msimbo wa kuwashia. Msimbo wa mchezo wenyewe unaanzia 0x1000.

Sehemu nyingine za mchezo hupakiwa kwenye RAM baadaye, kila moja kwenye anwani yake. Ukikosea anwani ya sehemu, utajua kwa dalili moja: maagizo ya `jal` (ya kuita fankshoni) yatakuwa yanaita katikati ya fankshoni badala ya mwanzo wake. Rudi kwenye YAML, rekebisha `vram` (anwani kwenye RAM) ya sehemu hiyo, pasua upya.

Kisha unganisha vipande hivyo tena. Utahitaji Makefile, lakini kiini chake ni amri tatu:

```
mips-linux-gnu-as -EB -march=vr4300 -mabi=32 -Iinclude -o build/kipande.o asm/kipande.s
mips-linux-gnu-ld -T mchezo.ld -T undefined_funcs_auto.txt -T undefined_syms_auto.txt -o build/mchezo.elf
mips-linux-gnu-objcopy -O binary build/mchezo.elf build/mchezo.z64
```

Ukifanikiwa utaona: `sha1sum build/mchezo.z64` inatoa alama ileile uliyohifadhi.

Usiandike hata mstari mmoja wa C kabla ya hapa. Ukianza C huku msingi wenyewe haulingani, hutajua kosa limetoka wapi.

Ushauri wangu wa dhati: kama hii ni mara yako ya kwanza, jiunge na mradi ambao umeshavuka hatua hii. Kuupanga mchezo mpya kuanzia sifuri ni kazi ya wiki kadhaa kwa mtu mwenye uzoefu, na haikufundishi unachotaka kujifunza sasa.

## Hatua ya 3: Ijue kompaila kabla ya kuujua mchezo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

C ileile, ikipitia kompaila mbili tofauti, hutoa maagizo tofauti. Hata kompaila moja ikipewa kiwango cha uboreshaji `-O1` badala ya `-O2` hutoa kitu kingine kabisa. Ukikosea hapa unaweza kuandika C sahihi kabisa, neno kwa neno kama ya mwandishi, na bado isilingane milele.

Fungua mafaili matatu manne ya asembli na utafute dalili hizi.

Kuhamisha thamani kutoka rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) moja hadi nyingine. IDO huandika `or $a0, $s0, $zero`. GCC za wakati ule, kompaila nyingine, hupenda `addu $a0, $s0, $zero`.

Kuruka bila sharti ndani ya fankshoni. IDO hutumia `b`. GCC ya zamani hutumia `j`. Splat yenyewe hukisia kompaila kwa kuhesabu haya mawili.

Rejista za muda. IDO huanza na `$t6`, kisha `$t7`, `$t8`, `$t9`, halafu hurudi `$t0`, `$t1` na kuendelea. GCC hukimbilia `$v0` na `$v1`. Ukiona `$t6` imejaa kila mahali, hiyo ni IDO.

Kiwango cha uboreshaji. Msimbo usioboreshwa hurudisha kila kigeu kwenye steki (sehemu ya RAM ya vitu vya muda vya fankshoni) baada ya kila mstari, na karibu na mwisho wa fankshoni utakuta `b` inayoruka kwenda agizo linalofuata tu, ikifuatiwa na `nop`, agizo lisilofanya kitu. Msimbo wa `-O2` huweka vigeu ndani ya rejista, na utaona maruko yanayoishia na herufi l, kama `beqzl` na `bnel`.

Super Mario 64 ya Marekani ilikompailiwa kwa IDO 5.3 na msimbo wake wa mchezo haukuboreshwa. Hiyo ndiyo sababu nawashauri wanaoanza wajifunzie humo, maana asembli yake inafuata C mstari kwa mstari. Ocarina of Time sehemu kubwa ni IDO 7.1 kwa `-O2`, na ndani yake mna maktaba zilizokompailiwa kwa toleo na kiwango kingine. Maana yake mchezo mmoja unaweza kuwa na kompaila mbili. Dalili hizi zitazame kwa kila faili, usizitazame mara moja tu kwa mchezo mzima.

Amri ya kawaida ya kuanzia kwa IDO:

```
ido5.3/cc -c -O2 -mips2 -G 0 -non_shared -Xcpluscomm -Iinclude -o build/src/faili.o src/faili.c
```

Ukiona `nop` zimepachikwa baada ya `mul.s` bila sababu, jaribu kuongeza `-Wab,-r4300_mul`. Prosesa za mwanzo zilikuwa na hitilafu ya kuzidisha, na kompaila ilikuwa inaikwepa hivyo.

Ukifanikiwa utaona: unachukua fankshoni fupi isiyo na utata, unaandika C yake, na inalingana kwa jaribio la kwanza au la pili. Kama fankshoni ya mistari mitatu inakukatalia, shuku kompaila kwanza.

## Hatua ya 4: Chagua fankshoni ndogo

Tafuta yenye maagizo 10 hadi 30, isiyoita fankshoni nyingine (yaani haina `jal` ndani yake), isiyo na namba za desimali wala jedwali la maruko.

Kwenye YAML badilisha aina ya kipande chako kutoka `asm` kuwa `c`, kisha pasua tena. Splat itatengeneza faili la C ambamo kila fankshoni imewakilishwa hivi:

```c
#pragma GLOBAL_ASM("asm/nonmatchings/faili/func_80021A40.s")
```

Jenga upya, pima sha1. Lazima bado ilingane. Kuanzia sasa utafuta mstari mmoja wa aina hiyo na kuweka C badala yake.

## Hatua ya 5: Soma asembli kwa jicho lako

Huu ni mfano nilioutunga kwa ajili ya somo, kwa mtindo wa IDO `-O2`:

```
func_80021A40:
    sw     $a1, 4($sp)
    sll    $a1, $a1, 16
    sra    $a1, $a1, 16
    lh     $t6, 0x1C($a0)
    subu   $t7, $t6, $a1
    sh     $t7, 0x1C($a0)
    lh     $t8, 0x1C($a0)
    bgezl  $t8, .L80021A70
    or     $v0, $zero, $zero
    sh     $zero, 0x1C($a0)
    jr     $ra
    addiu  $v0, $zero, 1
.L80021A70:
    jr     $ra
    nop
```

Unachohitaji kujua kwa leo ni kichache. Hoja nne za kwanza (thamani ambazo fankshoni hupewa) huingia kwa `$a0` hadi `$a3`. Jibu hutoka kwa `$v0`. Rejista `$s0` hadi `$s7` ni lazima zirudishwe kama zilivyokutwa.

Jambo linalowapotosha wengi ni hili: agizo lililo chini ya ruko hutekelezwa kabla ruko halijakamilika. Kwa hiyo `addiu $v0, $zero, 1` iliyo chini ya `jr $ra` ni sehemu ya kurudi, si mstari uliobaki bila kazi. Na ruko linaloishia na l, kama `bgezl`, hutekeleza agizo hilo la chini endapo tu ruko litafanyika.

Sasa soma kama mpelelezi. `sll 16` ikifuatwa na `sra 16` kwenye hoja ya pili inasema hoja hiyo ni namba ya biti 16 inayoweza kuwa hasi, yaani `s16` (isiyoweza kuwa hasi ingekuwa `u16`). `lh` na `sh` kwenye 0x1C zinasema huko kuna `s16` nyingine. Kisha angalia mstari wa saba: thamani iliyotoka kuandikwa inasomwa tena palepale. Mwandishi hakuiweka kwenye kigeu cha muda. Aliandika kwenye strakcha, halafu akauliza strakcha.

Andika haya yote daftarini kabla ya kuifungua m2c.

Onyo kuhusu anwani. Kigeu cha jumla hufikiwa kwa maagizo mawili, `lui` na jingine. Nusu ya pili inaweza kuwa hasi. `lui $t6, 0x8034` ikifuatwa na `lh $t6, -0x74C4($t6)` inamaanisha 0x80338B3C, si anwani inayoanza na 0x8034. Wanaofanya hesabu hii kwa haraka huishia kuvipa vigeu viwili tofauti jina moja.

## Hatua ya 6: Pata rasimu kwa m2c

```
python3 m2c.py -t mips-ido-c --context ctx.c asm/nonmatchings/faili/func_80021A40.s
```

`ctx.c` ni faili lenye strakcha na matamko yote unayoyajua hadi sasa. Bila hilo utapata kitu cha namna hii:

```c
s32 func_80021A40(void *arg0, s16 arg1) {
    arg0->unk1C = (s16) (arg0->unk1C - arg1);
    if ((s16) arg0->unk1C < 0) {
        arg0->unk1C = 0;
        return 1;
    }
    return 0;
}
```

Hii ni rasimu tu. Haikompailiki, kwa sababu `void *` haina `unk1C`. Mabano ya kulazimisha aina ni dalili kwamba m2c imebahatisha. Kazi yako ni kuyaondoa moja moja kwa kuipa kila kitu aina yake halisi.

## Hatua ya 7: Jenga strakcha

```c
typedef struct {
    /* 0x00 */ char pad0[0x1C];
    /* 0x1C */ s16 afya;
} Mchezaji;

s32 func_80021A40(Mchezaji *m, s16 kiasi) {
    m->afya -= kiasi;
    if (m->afya < 0) {
        m->afya = 0;
        return 1;
    }
    return 0;
}
```

Sehemu usizozijua zifunike kwa `pad`. Usibuni majina. Niliita `afya` hapa kwa sababu mfano ni wangu. Kwenye mchezo halisi ungeacha `unk1C` mpaka fankshoni tatu nne zikuthibitishie. Jina la kubuni likishasambaa kwenye mafaili hamsini, kila anayesoma baada yako ataliamini.

Ukubwa wa strakcha nzima utaupata kwenye safu. Ukikuta faharasa inazungushwa `sll 3`, kisha `subu` ya faharasa yenyewe, kisha `sll 2`, hesabu: nane toa moja ni saba, mara nne ni 28. Strakcha ya namna hiyo (si `Mchezaji` wetu) ina baiti 28, yaani 0x1C.

Onyo. IDO inafuata C ya mwaka 1989. Matamko ya vigeu yote yakae mwanzoni mwa mabano.

## Hatua ya 8: Linganisha, na usome tofauti inakwambia nini

```
./diff.py -mwo func_80021A40
```

`-m` hujenga, `-w` hungoja uhifadhi faili ili ijenge tena, na `-o` hulinganisha mafaili ya .o, yaani matokeo ya kukompaili kila faili. Kushoto ni mchezo, kulia ni C yako. Acha dirisha hilo wazi na ufanye badiliko moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu pamoja, hutajua lipi lilisaidia na lipi liliharibu.

Tofauti zina maana zake. Hizi ndizo nilizokutana nazo mara nyingi zaidi.

Maagizo yamepungua au yamezidi kwenye hoja. Ungetangaza `kiasi` kuwa `s32`, maagizo matatu ya kwanza yangetoweka. Ungetangaza `u16`, ungeona `andi $a1, $a1, 0xFFFF` badala ya `sll` na `sra`.

`lh` dhidi ya `lhu`, `lb` dhidi ya `lbu`. Umekosea kama namba inaweza kuwa hasi au la. Badilisha `s16` kuwa `u16`, au kinyume chake, ndani ya strakcha na si kwa mabano kwenye mstari.

Kwenye mchezo kuna usomaji wa mara ya pili, kwako kuna `sll` na `sra`. Umetumia kigeu cha muda ambacho mwandishi hakuwa nacho. Kiondoe.

Imejitokeza `cvt.d.s`. Umeandika `1.0` mahali pa `1.0f`. Bila f, C huhesabu kwa usahihi maradufu na kompaila hulazimika kubadilisha aina. Kwa ajili ya kusoma: `lui` yenye 0x3F80 inayoelekea rejista ya desimali ni 1.0f, 0x4000 ni 2.0f, 0x42C8 ni 100.0f.

`bgez` ikifuatwa na `sra`, na kati yake `addiu $at`. Huo ni mgawanyo wa namba inayoweza kuwa hasi kwa mbili, nne, nane na kadhalika. Andika `/ 2`, usiandike `>> 1`. Kwa mantiki ya mchezo pengine ni sawa, lakini kwa kompaila si sawa.

Maagizo yote yamelingana, rejista tu ndizo tofauti. Hapa watu hukata tamaa, na ndipo ile tabia ya `$t6` inapokuokoa. IDO hutumia rejista za muda kwa zamu. Tafuta mstari wa kwanza kabisa ambapo zamu imeachana. Kama mchezo una `$t8` na wewe una `$t7`, basi kabla ya hapo mwandishi alikuwa na hesabu moja ya muda ambayo wewe huna. Usihangaike na mistari ya chini yake, maana tofauti zake zote zimetokana na huo mmoja.

Nafasi kwenye steki zimetofautiana. Mpangilio wa matamko una uzito. Badilisha nani anatangulia. Kama fremu ya steki (nafasi ambayo fankshoni hujitengea humo) ya mchezo ni kubwa kuliko yako kwa baiti 8, huenda kulikuwa na kigeu ambacho hakikutumika.

Kila kitu kinaonekana sawa lakini maagizo mawili yamepishana nafasi. Jaribu kuweka lupu nzima kwenye mstari mmoja. Najua inasikika ajabu, lakini IDO hutazama namba za mistari ya faili, na kwenye Super Mario 64 zipo lupu zinazolingana zikiandikwa mstari mmoja tu.

Ukifanikiwa utaona: safu mbili zisizo na alama yoyote katikati.

## Hatua ya 9: Permuter, baada ya kufikiri

```
./import.py src/faili.c asm/nonmatchings/faili/func_80021A40.s
./permuter.py nonmatchings/func_80021A40/ -j4
```

Programu hii hubadilisha C yako kwa kubahatisha maelfu ya mara, ikitafuta alama 0. Inasaidia sana pale ambapo umebakiwa na rejista mbili tatu zisizokaa.

Haisaidii pale ambapo aina zako bado si sahihi. Nimeona mtu ameiacha ikizunguka usiku kucha kwenye fankshoni ambayo tatizo lake lilikuwa `u8` iliyotakiwa kuwa `s8`. Ukiona alama ya mwanzo ni mamia, izime na urudi hatua ya 8.

Na ikikupa jibu, usilibandike kama lilivyo. Hupenda kuweka vitu kama `if (1) {}` au kigeu kilichopewa thamani yake chenyewe. Chukua wazo: imeniambia kuna kigeu cha muda hapa. Kisha liandike kama mtu mwenye akili timamu angeliandika mwaka 1996. Mara nyingi italingana bado.

## Hatua ya 10: Pima mchezo mzima

Fankshoni kulingana peke yake haitoshi. Ondoa `GLOBAL_ASM` yake, jenga yote, na upime:

```
make && sha1sum build/mchezo.z64
```

Fankshoni ikiwa imelingana lakini ROM haijalingana, angalia mambo mawili. La kwanza ni namba za desimali na majedwali ya maruko. Hukaa sehemu tofauti na maagizo, na C yako sasa inatengeneza nakala yake juu ya ile ya asembli. La pili ni mpaka wa faili: kompaila hujaza `nop` mwishoni ili faili liishie kwenye kizidishio cha baiti 16, na ukiukata mpaka mahali pasipo pake kila kitu kinasogea.

Fankshoni nyingi zikishageuka kuwa C, kuna jaribio moja ambalo sha1 haiwezi kukufanyia. Ongeza fankshoni tupu mwanzoni mwa faili la kwanza, jenga, na uendeshe matokeo kwenye emuleta kama ares au mupen64plus. Anwani zote zitakuwa zimesogea. Mchezo ukiwaka na kuchezeka, pointa zako zote (namba zinazoshika anwani) zina majina. Ukiganda, mahali fulani kuna namba iliyoandikwa mbichi, kama 0x80338B3C, ambayo ni pointa bado haijatambuliwa. Soma anwani ambayo emuleta inalalamikia, itafute kwenye folda ya asembli na ya data, na uipe jina.